Mshenga wa Vanishi

6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Pokea na ya Mama humuhumu, ingawa mnaishi nyumba moja na najua ameshakusalimu kwa kukugombeza. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo nikitaka kujua kama mvua inanyesha inanibidi nishuke ngazi. Mwenye nyumba ana maneno mengi kunishinda, sasa fikiria mtu anayemshinda Chiriku wako anaongeaje. Kazini wamenitoa kwenye rangi za ukutani wamenihamishia chumba cha majaribio ya vanishi. Nilipowaambia nimelelewa kwenye karakana ya fundi wa kupaka vanishi walicheka, lakini hawakunirudisha.

Nije kwenye jambo lenyewe. Mama ameniambia unalala umekaa, mgongo ukutani, mto nyuma ya shingo. Usimgombeze, nilimbana mwenyewe mpaka akasema. Daktari alikwambia waziwazi kabla ya mwaka kwisha: vanishi ya thina au kifua, chagua kimoja. Alisema ile dawa kali inayoifanya igande ndiyo inayokula mapafu yako, na kila chumba unachopaka kinakusogeza kaburini. Wewe ukamjibu kwamba huna kazi nyingine. Siku hiyo nililia, Mjomba, na sijakwambia mpaka leo.

Basi nakutafutia kazi nyingine ndani ya kazi ileile. Tunatengeneza vanishi ya poliurethani, plastiki ileile iliyomo kwenye vanishi yako, ila imechanganywa na maji badala ya thina. Haikabi koo. Ubaya wake unaujua, ile ya dukani uliijaribu ukaitukana: ukimwagia maji utando wake unageuka mweupe, ukiukwaruza unabanduka kama ganda la kitunguu. Dawa yake inaitwa sileni, ni kimiminika chepesi na tunatia kidogo mno. Humu maabara tunamwita mshenga. Mkono mmoja anaushika ubao, mkono wa pili anaushika utando, anawaunganisha hawa wawili mpaka kuwaachanisha inakuwa kazi. Ukimzidisha, utando unakakamaa na kupasuka. Ukimpunguza, unarudi kulekule kwenye kitunguu.

Nimekutumia ndoo mbili na chupa ya mshenga kwa dereva wa lori la kiwanda. Asubuhi changanya unachohitaji tu, kipimo nimekiandika kwenye chupa, na upake siku hiyohiyo. Kitakachobaki jioni kimwage. Nakuomba sana, kimwage. Usiniulize kwa nini, dereva ananipigia honi.

Chiriku wako

27 Februari

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa miwani ya mama yako, kwa hiyo kama kuna neno nimelielewa vibaya, mlaumu yeye. Hatujambo. Paka wake amezaa ndani ya sanduku langu la brashi na nimepigwa marufuku kulisogeza. Sasa nanunua brashi mpya kwa heshima ya paka.

Kulala umekaa ni desturi ya watu wanaofikiri. Ukilala chali, mawazo yanamwagika. Mwambie mama yako aache kunichungulia.

Vanishi yako nimeijaribu kwenye meza ya karakana na kwenye mlango wa chumba changu. Kwanza nilijua pua yangu imekufa, maana nilipaka madirisha yakiwa yamefungwa na sikusikia harufu yoyote. Halafu nikamwaga chai juu ya meza, nikaiacha mpaka asubuhi, nikapitisha kitambaa. Hakuna alama. Nikachukua msumari nikaikwaruza kwa hasira zangu zote. Imeng'ang'ania. Nilisimama pale nikaitukana tena, safari hii kwa furaha. Umenifurahisha, mwanangu. 

Ila hilo la kumwaga umelisomea wapi? Umekulia humu, ndoo mama unaijua. Kazi ikiisha, kilichobaki kinaingia ndoo mama, kinafunikwa vizuri, na kazi inayofuata inaanzia hapo. Babu yako alifanya hivyo, mimi nafanya hivyo, na ndiyo maana sakafu zetu mng'ao wake hauruki, ya leo inafanana na ya jana. Nikionekana mtaani namwaga vanishi nzima mchana kweupe, si wataniletea daktari wa kichwa?

Nimepata ukumbi wa shule, sakafu nzima ya mbao, nitaipaka wanafunzi watakapokuwa likizo. Mkuu wa shule alikuwa anaogopa harufu. Nikamwambia mpwa wangu ni mtaalamu, ametengeneza vanishi isiyonuka. Nilikunadi pale mpaka nikajionea aibu. Nitumie ndoo nyingine haraka, hizi mbili hazitafika mlangoni.

Usinipigie simu. Masikio yangu na simu siku hizi hayapatani. Andika.

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku salama, isipokuwa mwenye nyumba amegundua kwamba nasikiliza, na sasa ananifuata mpaka jikoni. Habari ya meza yako niliwasomea wenzangu maabara. Mkubwa wangu alikuwa anatuambia kila wiki kwamba vanishi ya maji ni ya fremu za picha tu, haiwezi kukanyagwa. Nilipofika kwenye msumari alinyanyua kichwa. Nimefurahi, Mjomba, nimefurahi mpaka usingizi umekataa kuja.

Ndoo zinakuja pamoja na barua hii. Sasa nisikilize vizuri. Usitie hata tone la vanishi yangu kwenye ndoo mama, na kama umeshatia, ndoo yote imwage. Mshenga akishaingia kwenye maji hana siku mbili. Akikaa humo mpaka kesho yake anasahau alikotumwa, washenga wanaanza kuoana wenyewe kwa wenyewe, na ukija kupaka hakuna aliyebaki wa kuushika ubao. Kwa macho hutaona tofauti. Vanishi itakuwa laini vilevile, itakauka, itang'aa. Watu wakishaikanyaga na kupiga deki siku chache, ndipo itakapokuumbua. Sikukueleza mara ya kwanza kwa sababu niliona haya kukutumia kitu chenye kilema. Nilijua utanitania. Haya, nitanie, lakini umwage.

Na kuhusu simu, usinifunge kamba. Masikio yako yalisikia paka akizaa ndani ya sanduku. Hutaki simu kwa sababu huwezi kumaliza sentensi bila kukohoa, na unadhani kwenye karatasi kikohozi hakisikiki. Nakisikia. Niambie ukweli unapumuaje.

Chiriku wako

20 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Barua yako na ndoo vimefika jana. Lori lilivunjika ekseli njiani, likalala huko mpaka vipuri vilipopatikana.

Hatujambo. Mama yako hajambo. Paka hajambo.

Ukumbi umekwisha na unang'aa. Wanafunzi wamerudi, wanateleza humo kwa soksi.

Uliyoyaandika kuhusu mshenga nimeyasoma na nimeyaelewa.

Usitume ndoo nyingine kwa sasa, nina za kutosha. Nimepumzika kidogo, hewa ya huku ina vumbi. Mwandiko usikushangaze, kalamu mbovu.

Mjomba wako

2 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na leo inanitoka kwa shida.

Barua ya mistari michache kutoka kwako! Wewe ambaye ukiomba chumvi mezani unaanzia enzi za babu! Niliisoma mara mbili. Nikampigia Mama. Akajitia hamnazo, akanipa habari za paka na watoto wake mmoja mmoja, halafu akaangua kilio. Kwa hiyo najua.

Najua ndoo zangu zilichelewa, ukajazia na ndoo mama uliyokuwa umeshaimiminia mabaki. Najua sakafu ilibanduka wanafunzi walipoanza tu kuingia, ikawa nyeupe mlangoni na katikati, na Mkuu wa shule akakuita mbele ya walimu wake. Najua ulirudi mle na vanishi ya thina. Ulifunga madirisha yote vumbi lisiingie, ukaparua na kupaka ukumbi mzima, na ukamkataza Mama asilete hata maji ya kunywa asije akakuona. Walikukuta umepiga magoti mlangoni, midomo imebadilika rangi. Na ile barua ya "unang'aa" uliiandika ukiwa umelazwa, mpira wa hewa puani. Kalamu mbovu! Mjomba, kweli?

Nina hasira na wewe. Nina hasira na dereva, na ekseli, na huyo Mkuu wa shule. Na nina hasira na mimi niliyeona haya kuandika mistari minne zaidi mwezi wa pili. Tangu nihamishiwe chumba hiki nafanya kazi moja tu, kukutoa wewe kwenye ile vanishi. Kila kibao ninachokipaka nakikata mistari kama karatasi ya hesabu, nabandika utepe wa gundi, naung'oa kwa nguvu, natazama kilichotoka nao. Utepe ukitoka safi nakuona wewe umelala chali kitandani, unakoroma. Hicho tu ndicho ninachokitafuta humu ndani. Mshahara na sifa wachukue wao.

Nimepata njia, na ungeipata mapema kama ungeniambia ndoo hazijafika. Mshenga hatumtii tena kwenye ndoo mwishoni. Tunamfunga ndani ya poliurethani yenyewe tunapoipika, kabla maji hayajaingia. Anatoka humo mkono mmoja umeshashikwa, hana pa kukimbilia. Ndoo ya kwanza nimeiweka kando wiki kadhaa, nimepaka, nimeloweka, nimekata, nimeng'oa. Imeshika. Napika mwenyewe kila siku, kwa sababu moto wake una ujanja na mkubwa hamwamini mwingine.

Nakutumia chupa moja uone rangi yake. Nimeifunga ndani ya koti langu la kazi isivunjike. Usipake chochote, itazame tu. Mwisho wa Juni nikipata ruhusa nakuja, na nitakaa kando ya kitanda chako mpaka unichoke.

Chiriku wako

9 Juni

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Nimetoka hospitali, niko nyumbani kwenye kiti cha mama yako, karibu na dirisha la barabarani. Naandika mistari mitatu napumzika, naandika mitatu napumzika, kwa hiyo barua hii imechukua muda wake. Mama yako ameniwekea glasi ya maji na kengele ndogo ya kumwitia. Nikiigusa kwa bahati mbaya anakuja mbio kama nyumba inaungua.

Yote uliyoyasema ni kweli. Nilitia mabaki kwenye ndoo mama kwa sababu mkono umezoea, na nilipoyatia nilikuwa nakucheka. Sakafu ilipobanduka, Mkuu wa shule aliokota kipande cha utando, akakishika kwa vidole viwili mbele ya watu, akasema, "Hii ndiyo ile vanishi ya mpwa wako mtaalamu?" Mimi nimetukanwa na wateja tangu sijaota ndevu, hainiumizi. Lakini jina lako! Nikaona nikimaliza haraka, sakafu ikang'aa, habari itakufa pale pale na wewe hutaisikia. Dawa ya haraka niliyokuwa nayo ilikuwa ile ya zamani. Niliijua. Nilivyofungua kopo tu kifua kilinijibu, na bado nikachovya brashi. Sikuwa shujaa, usije ukasema hivyo mahali popote. Nilikuwa na kichwa kigumu na nililia mle ndani.

Daktari anasema mapafu hayatarudi. Nitaishi kwenye kiti hiki, na mtungi wa hewa kwenye kona. Brashi nimeziacha. Nimekwambia, sasa umelijua, tusiliongelee tena.

Sasa zamu yangu kukuuliza. Mzigo wako ulipofika, mama yako aliuweka mapajani mwangu. Nilifungua fundo la koti, na kabla sijaiona hiyo chupa kifua kilifunga. Hakikunibana, kilifunga kabisa. Walinirudisha hospitali kwa gari lenye king'ora. Daktari akauliza nilishika nini, mama yako akasema koti la mtoto tu. Koti likachunguzwa. Lina matone yaliyoganda mikononi na kifuani. Daktari akanieleza kwamba mwili wangu umeshaijua ile dawa kali ya kugandishia vanishi, na siku hizi hata chembe inatosha kuniua. Nikamwambia haiwezekani, vanishi ya mpwa wangu haina hiyo dawa. Akanijibu taratibu, kama anavyomjibu mtu mzee: kwenye ndoo haimo kwa sababu imeshatumika jikoni. Poliurethani yoyote, iwe ya maji iwe ya thina, inapikwa na dawa hiyohiyo.

Kwa hiyo mimi naletewa safi, na wewe ndiye unayekaa na mvuke wake. Kila siku. Umesema mwenyewe, unapika mwenyewe kila siku. Ulinitoa mimi ukaingia wewe, na hukuniambia. Ungeniambia ningeichoma moto ile meza.

Toka humo. Sikuombi, nakuamuru, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni baba yako alipofariki na nina haki hiyo. Wapike wengine wenye vinyago na mabomba ya kuvuta moshi, au wasipike. Watu watembee kwenye sakafu za saruji, hakuna aliyekufa kwa kukosa mng'ao.

Na usije hapa na kile kiwanda mwilini. Mama yako analia nikiandika hivi. Nami nataka uje. Natazama barabara hii kutwa, kila msichana mwenye mkoba nadhani ni wewe. Lakini uje ukiwa umekiacha.

Mjomba wako

28 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii Mama anakuletea mkononi. Niko ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vitabu. Karatasi na kalamu nimenunua hapohapo dukani, hazijaingia kiwandani.

Nimeacha kazi. Mkubwa wangu aliuliza nani atapika sasa, nikamwambia sijui. Akaniuliza kama nimeandika kipimo cha moto wake mahali. Hakuuliza kingine chochote. Nilitembea mpaka getini nikiwa na hasira mpaka nikasahau mwavuli.

Nguo nilizovaa ni za Mama, alinitumia kabla sijasafiri. Za kwangu zote nimeziacha kule. Nimeoga, nimenyoa nywele kabisa, usicheke. Nilidhani nitaingia leo nikae kando yako. Mama amempigia daktari wako, na daktari amekataa. Amesema tusubiri kidogo, asije akaniruhusu halafu ukafia mikononi mwangu. Nimesafiri siku nzima nikijipangia maneno, na sasa kati yetu kuna barabara tu na siwezi kuivuka. Inaniuma vibaya sana, Mjomba.

Nitakuwa nakuja hapa kila siku mpaka aseme ndiyo. Nitafikia kwa rafiki yake Mama. Leo sogea kidogo dirishani, pazia linakuficha. Inua mkono nijue umenisoma.

Chiriku wako

Nyuma ya karatasi hiyohiyo

Mwanangu,

Marahaba. Nimeinua mkono, umeona. Kichwa kimekupendeza, una kichwa cha babu yako.

Umefanya vizuri kuacha. Asante. Sikuwahi kukushukuru kwa chochote tangu mwaka uanze, nilikuwa nakutania tu.

Nimekutazama muda wote mama yako alipokuwa akipanda ngazi. Ulisimama, ukainama, ukashika ukuta wa duka. Ukageuka ukanipa mgongo, mabega yakapanda na kushuka, ukafuta mdomo kwa kiganja, halafu ukanigeukia na kutabasamu. Mwanangu, hayo mambo yote nimeyafanya mimi, kwa mpangilio huohuo, nikikuficha wewe kikohozi.

Mama yako anarudi na karatasi hii. Usimweleze chochote kwanza. Kesho asubuhi nenda kwa daktari wangu, mwambie mimi nimekutuma, akusikilize kifua. Ndipo uje dirishani.